Shikamoo ya Roboti

Siriaki amezikwa Kibingo, kwenye pembe ya kibanja cha migomba alichokilima kwa miaka kumi na miwili kama kibarua, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto wa mwenye kibanja aliyewahi kumpa shikamoo. Habari nilizipata kwa simu ya Deo, nikiwa Bukoba nasahihisha madaftari. Akaniambia, "Jene, Kato ametutoka. Tumeshamzika. Njoo." Hakutaja Siriaki, alitaja Kato, nami sikuuliza Kato gani. Mimi ni mwalimu wa siku nyingi sasa, nina mvi ninazozificha kwenye kilemba na wanafunzi wanaonyamaza nikikohoa, lakini kwa Deo na kwa marehemu nilibaki kuwa Nahodha wa chombo cha angani. Kesho yake nilipanda basi la kwanza, na njia nzima sikuwaza kitu kingine ila ule mwaka mmoja wa Kayanga, Karagwe, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na moja na nilipomkosea mzee yule jambo ambalo sikuwahi kumwomba radhi.

Leo mtoto wa darasa la nne anatengeneza katuni kwenye simu ya mama yake huku akisubiri uji upoe. Wakati ule, kwa tulivyojua sisi, Kayanga nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kufanya mchoro utembee, naye ni Deo, kijana mwembamba mwenye majivuno yasiyolingana na kilo zake, aliyejifundisha mwenyewe kwa kompyuta moja iliyozimika kila umeme ulipokonyeza jicho. Alikuwa amepanga ghala la zamani la kahawa nyuma ya karakana ya seremala, akasimamisha magodoro ukutani ili yanyonye mwangwi, akaning'iniza kipaza sauti kwenye boriti kwa kamba ya katani. Harufu ya kahawa kavu ilikuwa imeingia mpaka kwenye saruji. Kwa kuwa mashine ya kuranda mbao ilinguruma kutwa nzima, tulirekodi saa moja tu kwa siku, saa ile ambayo seremala alikwenda kula. Kwa hiyo safari zetu zote za angani tulizifanya tukiwa na njaa, na ukisikiliza vizuri zile sehemu za mwanzo utasikia tumbo langu likilalamika katikati ya nyota.

Katuni yenyewe iliitwa Isingoma. Hilo ndilo jina la pacha wa kwanza kwetu, na wa pili huitwa Kato. Basi chombo cha angani kilikuwa Isingoma na roboti wake akawa Kato, mtoto wa bati mwenye umbo la dumu na miguu miwili mifupi. Mnyauko ulikuwa umemaliza migomba katika nyota zote, na Nahodha Kokugonza, bibi wa miaka mia tatu, alizunguka anga akiwa na chipukizi la mwisho kwenye ndoo, akitafuta udongo ambao haujaugua. Ni mtu wa Karagwe tu anayeweza kutunga hadithi ya dunia kufika mwisho kwa sababu ndizi zimekwisha. Sauti ya bibi yule ilikuwa yangu. Tangu utotoni nina sauti nzito, hata kwaya ya kanisani walinipanga na wanaume, jambo lililoniliza miaka mingi mpaka siku Deo aliponiambia kwamba hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyezikwa mara mbili akafufuka.

Na sauti ya mtoto wa bati ilikuwa ya Siriaki, mzee wa miaka sitini na kitu. Alitoka Burundi akiwa kijana, akalima mashamba ya watu Kibingo, kisha akahamia Kayanga kuchimba mitaro. Alikuwa anachimba mtaro nyuma ya ghala letu siku moja, huku akiimba kwa sauti nyembamba kama ya mtoto anayechunga mbuzi, na wimbo wake ukaingia kwenye kipaza sauti. Deo alitoka nje kwa hasira kumnyamazisha. Alirudi amemshika mkono. Watu walimwita Siri, bila mzee, bila baba, bila chochote mbele. Mwanafunzi wa shule ya msingi angeweza kupita akasema, "Siri, sogeza chepe lako," naye akalisogeza. Siku ya kwanza tulipopakua ndizi na maharage, alichukua sahani yake akaenda kukaa nje juu ya ndoo. Deo akamfuata akamwuliza kama kuna mtu amemfukuza. Akasema hapana, ni mazoea tu. Deo akamwambia humu roboti na binadamu wanakula sinia moja, na tangu siku hiyo tukala watatu, mimi nikijifanya sioni jinsi alivyonisogezea ndizi zilizoiva vizuri.

Kila sehemu ilianza kwa namna moja. Kato alisema, "Shikamoo, Nahodha." Mimi nikaitikia, "Marahaba, Kato. Nyota zimeamkaje?" Naye akajibu, "Zimeamka salama, ila moja inakohoa." Kwenye karatasi yalikuwa maneno mepesi. Lakini siku ya kwanza, Siriaki aliposema shikamoo yake akiwa hatua moja kutoka kwangu, na mvi zake na mikono yake iliyopasuka, marahaba ilikataa kutoka. Sikuweza. Nilijaribu mara saba au nane, Deo akipiga kite nyuma ya kompyuta, dakika za seremala zikiisha. Kuitikia marahaba kwa mtu wa rika la babu yangu lilikuwa jambo ambalo mdomo wangu ulikataa peke yake, bila kuniuliza. Mwishowe Siriaki akaniita mwanangu kwa lugha ya kwao, akasema, "Mwana wanje, niamkie kwanza wewe, ile ya kweli. Ukimaliza, hii nyingine ni mchezo." Nikapiga magoti pale juu ya godoro, nikainamisha macho kama tunavyofundishwa wasichana wa kwetu, nikamwambia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia. Kisha tukarekodi, na marahaba ya Nahodha ikatoka safi mara ya kwanza. Ikawa ndiyo desturi yetu: kabla ya kila kurekodi, shikamoo ya kweli, halafu ya mchezo. Deo alisema tunapoteza muda wa seremala, lakini hakutukataza.

Katuni ile ilipendwa. Tuliisambaza kwenye diski, ikaonyeshwa katika vibanda vya video, na watoto wa Kayanga wakaanza kuulizana njiani kama nyota zimeamkaje. Siriaki aliwasikia akiwa ndani ya mtaro. Siku moja, tukila, akasema jambo kwa utulivu kana kwamba anaomba chumvi. Alisema, "Watoto wote wanaijua sauti yangu. Mimi mwenyewe hawanijui. Jana wawili wamenirushia maganda ya ndizi, huku wanaigiza Kato." Deo alicheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona mzee anavyolitazama sinia.

Kituo kimoja cha televisheni kilimwambia Deo kwamba katuni peke yake hakiitaki, ila kama ingekuwa na watu wa kweli ndani yake, wangeitazama. Hapo ndipo likaja wazo lililomnyima usingizi wiki nzima. Kibingo kulikuwa na kikundi cha vichekesho kilichorekodi mambo ya nyumba moja yenye ugomvi, na mkuu wake alikuwa Ta Katunzi, yaani Mzee Katunzi, mkulima wa kahawa aliyeigiza uani kwake mwenyewe, na kwa kweli hakuigiza sana. Deo alitaka Nahodha na Kato waanguke kutoka kwenye kioo, waache kuwa michoro, watokee katika ua wa Ta Katunzi wakiwa na miili, kwa sababu udongo wa mwisho ambao haujaugua katika anga zima uko Kibingo. Ta Katunzi alikuja Kayanga kujadiliana, nami niliwasikia kupitia dirishani nikiwa namenya ndizi. Aliuliza mtu aliyechorwa ana kimo gani akitoka kwenye mchoro. Aliuliza kama ana kivuli. Halafu akauliza la maana zaidi kwake: "Wanakula? Maana mgeni haondoki kwangu hajala. Huyu wa bati nitampa nini, jamani waitu?" Deo akamjibu kwamba roboti anakula mafuta ya taa. Ta Katunzi akasema basi mkewe atampikia ndizi tu, atajua mwenyewe.

Mwili wa Nahodha ulikuwa rahisi: unga wa muhogo kichwani, joho la kwaya, fimbo. Mwili wa Kato tuliutengeneza kwa madumu ya njano, moja kubwa la kifua na jingine la kichwa lenye matundu ya macho. Ulipomalizika, Siriaki aliuzunguka mara mbili, akaupigapiga, akamwomba Deo kitu kimoja. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kitu kabla ya hapo, hata maji alikuwa anajichotea. Alitaka uso wake uonekane. Kichwa cha dumu akivae wakati wa kuanguka kutoka angani, lakini akifika uani kwa Ta Katunzi akivue, amwamkie Nahodha kwa uso wake mwenyewe, ili watu wa Kibingo waone kwamba Kato ni yeye. Deo alifikiri kidogo, akasema sawa, tutasema hewa ya duniani imembadilisha. Akampa mkono. Siriaki alitabasamu siku mbili mfululizo, na akaenda kunyoa ndevu kwa kinyozi badala ya kujinyoa kwa wembe mkononi.

Siku ya kurekodi tuliondoka kwa gari ya kukodi, mimi mbele nimepakata kompyuta kama mtoto mgonjwa, Siriaki nyuma na madumu yake. Kwa haraka ya asubuhi ile sikumwamkia. Nilikuwa nimepiga kelele tu kutoka dirishani kumwuliza kama amepanda. Tulipofika, ua wa Ta Katunzi ulikuwa umejaa kijiji kizima, wanawake jikoni, vijana juu ya ua wa miti, na kila mtu alimtambua. Siri, umerudi. Siri, kumbe hujafa. Siri, debe tupu haliachi kuvuma. Husemwa kwamba asiyekujua hakuthamini. Kibingo walimjua vizuri sana na hawakumthamini pia. Yeye alicheka nao, akavaa dumu la kifua, na Deo akasema tufanye jaribio moja bila kamera. Siriaki akasimama mbele yangu katikati ya ua, kichwa wazi, ndevu zimenyolewa, akasema kwa ile sauti iliyofahamika mpaka mpakani Murongo, "Shikamoo, Nahodha."

Kabla sijafungua mdomo, Ta Katunzi alishainuka kitini. Alisema hilo hapana. Vichekesho ni vichekesho, lakini mtu mzima hawezi kumwamkia mtoto wa juzi uani kwake, watoto wake wanatazama, na picha hiyo itakwenda mbali pamoja na jina lake. Wazee wengine wawili wakamwunga mkono. Mmoja akasema ni laana. Deo akaeleza kwamba Nahodha ana miaka mia tatu, wakamwambia wanaona kabisa ni binti wa kijiji cha Kituntu aliyemwagiwa unga. Siriaki alisimama pale na dumu lake kifuani akiwasikiliza, akiwatazama mmoja mmoja, kisha akainama sikioni kwangu akasema, "Umesikia? Mtu mzima. Leo ndiyo wamejua."

Deo alikuwa anaona jua linahama, na ndiye aliyepata njia. Akasema Siriaki avae kichwa cha dumu, abaki nacho mpaka mwisho. Kama uso hauonekani, hakuna mtu mzima anayemwamkia mtu, kuna bati tu. Ta Katunzi akafikiri, akakubali. Debe likiamkia, alisema, halina neno. Watu wakacheka, mambo yakaisha, kila mmoja akarudi mahali pake, ila Siriaki. Alikuwa amekishika kile kichwa cha njano mikononi. Hakumtazama Deo aliyemwahidi. Alinitazama mimi. Nilijua kabisa alichokuwa anangoja. Nilikuwa Nahodha, bila mimi hakuna sehemu, ningesema neno moja tu Deo angelazimika kulisikia. Nikatazama viatu vyangu. Niliposikia dumu likikwaruza mabega yake, nilijua ameshavaa, na niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka huacha ninachofanya.

Kamera ikawashwa. Yale matundu mawili ya macho yakaja mpaka hatua moja kutoka kwangu, na kutoka ndani ya plastiki, kwa sauti iliyofifia, nikasikia, "Shikamoo, Nahodha." Na marahaba ikakataa kutoka, vilevile kama siku ya kwanza ghalani. Sikuwa nimemwamkia siku ile. Desturi yetu tulikuwa tumeiacha Kayanga, na bila ile ya kweli, ya mchezo haikuwa na njia ya kupita. Sikupanga nilichofanya, nisingependa mtu aniite shujaa, maana shujaa angefanya dakika tano kabla. Niliweka fimbo chini. Nikanyoosha mikono nikalivua lile dumu kichwani kwake, taratibu kwa sababu lilishika sikio, nikapiga magoti kwenye udongo mbele ya kijiji kizima, bibi wa miaka mia tatu na joho lake, nikainamisha macho nikasema, "Shikamoo, Babu."

Hakuitikia. Nilingoja, magoti yakilowa, nikiona vidole vyake vya miguu tu na kokoto. Kuku alipita kati yetu. Nilidhani nimemwaibisha mara mbili, kwanza kwa kunyamaza, sasa kwa kumharibia kazi yake aliyoifanya mwaka mzima. Ua wote ulikuwa kimya, hata jikoni. Ndipo, baada ya muda uliotosha mtu kusali Baba Yetu, nikasikia, "Marahaba, mwana wanje."

Deo alifoka kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia. Nahodha hapigi magoti, alisema, Nahodha hajawahi kumpigia mtu magoti katika anga zima, na mimi nimeua tabia ya mhusika kwa dakika moja. Alikuwa na haki. Akaamuru turudie, dumu kichwani. Siriaki alilivaa mwenyewe bila kusema kitu, akasema shikamoo ya mchezo, na marahaba yangu, kwa kuwa ile ya kweli ilikuwa imeshapita, ikatoka bila shida yoyote. Hicho ndicho kilichonichoma. Kama ningeshindwa tena, pengine Deo angelazimika kutumia kile kipande cha kwanza. Nilifanya vizuri sana, na sehemu ile ikaonyeshwa kwenye televisheni mara moja, ikaonyeshwa vibandani mpaka watu wa Murongo wakavuka nayo kwenda Uganda, na ndani yake hakuna mahali ambapo uso wa Siriaki unaonekana. Mwaka ukaisha, nikaenda chuo cha ualimu. Deo aligombana na mwenye ghala, kompyuta ikafa, Isingoma ikaishia angani na chipukizi lake. Nilisikia kwamba Ta Katunzi alituma mtu Kayanga kumchukua Siriaki akae kwake, si kwa kulima tena kibanja chake, kwa kukaa tu. Nilitaka kwenda kumwona. Kila likizo nilitaka.

Sasa nimekwenda, nimechelewa siku tatu. Deo ana kitambi, na majivuno yamepungua kidogo. Tulikaa sebuleni kwa Ta Katunzi, ambaye sasa haoni vizuri na anatafuna punje za kahawa polepole kwa meno yaliyobaki, na baada ya chakula nikawaambia wote wawili lile nililolibeba: kwamba mzee alitaka kitu kimoja tu, uso wake, na mimi nikamnyima. Deo alivuta mkoba wake. Alitoa kompyuta ndogo akaiweka juu ya meza, kati ya vikombe. Alisema hakuwahi kufuta kile kipande cha kwanza, alikinakili kwenye diski kabla kompyuta ya ghalani haijafa, na kwamba Siriaki alikuwa akimwomba amwonyeshe kila alipopita Kibingo, akikitazama mpaka mwisho, kisha akirudi kwenye shughuli zake.

Miaka yote hii nilikuwa nikikumbuka kimya kile kwa masikio, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini. Kamera ilikuwa nyuma ya bega langu. Ilimwona yeye. Kwenye kioo dumu linavuliwa na uso wake unatoka, umelowa jasho, mvi zimelala upande mmoja, na kisogo changu kinashuka kutoka kwenye picha. Sauti yangu inasikika ikimwamkia. Siriaki hanitazami. Ananyanyua kidevu, anaanza upande wa jikoni, kwa wanawake, anakwenda polepole kwa vijana walioko juu ya ua wa miti, uso kwa uso, anasimama kwa kila mmoja mpaka aridhike kwamba amesikia, ndipo anasonga kwa mwingine. Mwisho macho yake yanafika mahali fulani nje ya picha na kukaa hapo.

Ta Katunzi, ambaye hakuweza kuona kioo vizuri, aliniuliza amefika wapi. Nikamwambia ametulia, anatazama upande wa kushoto. Akasema, "Hapo ananitazama mimi. Nilivua kofia." Halafu tukamtazama mzee wetu akiwa amesimama uani na dumu lake kifuani, kijiji kizima kikimngoja, naye hana haraka hata kidogo, mpaka alipoona imetosha, akashusha macho kwangu, akaitikia.